Usiifundishe Modeli Kimo cha Wimbi, Ifundishe Saa za Kuinua Panga

Msomaji wa Mtwara anayesomea uhandisi ametuuliza aanzie wapi kutumia ujifunzaji wa mashine (kompyuta kujifunza kutokana na data) katika usimikaji wa mitambo ya upepo baharini. Pwani yetu ya kusini bado haina hata mtambo mmoja majini, lakini hesabu zenyewe zinawezekana leo kwa kompyuta ya kawaida.

Wengi hukimbilia kutabiri kimo cha wimbi. Nahodha wa meli ya kreni anataka kujua jambo jingine: je, nitapata saa 8 mfululizo za kufunga panga, yaani bawa la mtambo? Basi weka mipaka, tuseme wimbi lisizidi mita 1.5 na upepo wa juu kwenye kitovu (pale mapanga yanapoungana) usizidi mita 10 kwa sekunde, maana panga la mita 80 likining'inia hushika upepo kama tanga. (Mipaka halisi hutolewa na mtengenezaji na wenye meli.) Kila saa kwenye data iandikie 1 ikiwa saa 8 zinazofuata zote ni salama. Hata moja ikiharibika katikati, andika 0. Hizo 1 na 0 ndizo modeli, yaani programu inayojifunza, itakazotabiri.

Data za bure zipo: ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa iliyopita ya dunia nzima iliyojengwa upya kwa kompyuta, inatoa upepo wa mita 100 na mawimbi, saa kwa saa, tangu 1940. Kasoro yake ni kwamba miraba ya upepo ina upana wa kilomita 31 hivi, na ya mawimbi ni mikubwa zaidi, kwa hiyo Ghuba ya Mtwara haionekani vizuri. Isahihishe kwa vipimo vya boya. Hapo angalia saa! ERA5 hutumia saa za Greenwich. Kijana wa boti akiandika daftarini "saa 3 asubuhi", kwenye ERA5 ni 06:00. Ukikosea hapo, upepo wa mchana utaugeuza kuwa wa alfajiri.

Mwelekeo wa upepo usiuingize kwa digrii, kwani 359 na 1 ni majirani; tumia saini (sin) na kosaini (cos) za pembe hiyo. Ongeza sekunde kati ya wimbi na wimbi, kwa kuwa mawimbi marefu yatokayo mbali huitikisa meli ingawa ni mafupi kwa kimo. Ongeza pia maji ya bamvua.

Kosa tunalolikuta kila mara, na tutalisema mpaka likome, ni kuchanganya saa ovyo unapogawa data. Saa mbili zinazofuatana zinafanana mno, hivyo modeli inakariri tu na alama zinapanda ajabu. Gawa kwa miaka: fundisha kwa ya nyuma, pima kwa ya mbele, kisha toa alama za kusi na za kaskazi kila moja peke yake.

Mwisho, siku ya kazi huna ERA5. Una utabiri, nao hukosea. Fundisha kwa utabiri uliohifadhiwa. Kuhusu vimbunga kama Kenneth wa 2019 au Hidaya wa 2024, mifano ni michache mno: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, modeli izimwe na meli irudi bandarini.