Maswali ya wasomaji: tasi na miiba yake

SWALI: Mhariri salaam. Nilikua natumbua samaki tasi wa soko la Feri mwiba ukaniingia kidoleni, aisee maumivu yalipanda mpaka kwapani na samaki mwenyewe kafa toka asubuhi! Ana sumu? Na kama anayo mbona tunamla kila siku?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Pole sana dadangu. Sumu anayo ila iko kwenye miiba tu, nyama kula bila wasiwasi. Kila mwiba una vifereji pembeni na humo ndo kuna tezi za sumu zimefunikwa na ngozi laini, ukichomwa ile ngozi inapasuka sumu inaingia kwenye kidonda, haihitaji samaki awe hai. Na miiba anayo ya kutosha: 13 mgongoni, 7 chini nyuma ya tumbo, halafu mapezi mawili ya tumboni kila moja lina miwili, mmoja mbele mmoja nyuma, jumla 24! Hiyo ya miwili kwenye pezi moja la tumbo ni ya ukoo wa tasi peke yao.

Siku nyingine chukua mkasi ukate miiba yote kwanza ndo utumbue. Ukichomwa tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, nusu saa mpaka saa moja na nusu, maana sumu yenyewe ni protini na joto linaiharibu. Maji yapime kwa mkono mwingine usiochomwa, ule uliochomwa unaweza usisikie vizuri ukaungua bure. Kipande kikibaki ndani, au pumzi ikianza kubana, nenda hospitali.

SWALI: Sisi wakulima wa mwani tasi wanatumaliza. Kwani baharini hakuna chakula kingine?
Msomaji, Jambiani

JIBU: Kipo, ila nyie mmemtandikia mezani bibie 😄 Tasi ni mla majani, kutwa anachuna mwani na majani ya bahari, na huko kwenye miamba ya matumbawe kazi hiyo hiyo ni faida maana mwani ukiachwa unayafunika matumbawe. Huyu wetu wa kawaida, Siganus sutor (Mombasa wanamwita tafi), hapatikani kwingine ila magharibi ya Bahari ya Hindi, pwani yetu hii, Komoro, Madagaska mpaka Shelisheli. Wadogo wanakulia kwenye majani ya bahari, ndo maana shamba lako wanaliona kama kwao tu. Akiogopa au usiku akilala anajibadilisha rangi anakua na mabaka mabaka, humuoni hivi hivi.

Kuzaa wanafuata mwezi mpevu, huko Shelisheli wanajulikana kukusanyika kundi kubwa sehemu zile zile kila msimu, na mvuvi wa madema (mitego ya kunasia samaki) akishazijua hizo sehemu anatoa wazazi wote kwa mpigo, msimu unaofuata anashangaa mbona dema tupu.