Unampa ndugu gari ya bure? Anza na logibuku

Nilipoamua kumpa mpwa wangu Vitz yetu, dada yangu alinipigia simu akiwa amekasirika, "Kwani unamuuzia ama unampa?" kwa sababu nilikataa kutoa funguo kabla hatujamaliza mambo ya NTSA, ile mamlaka ya usafiri inayosajili magari Kenya. Nikamwambia nampa, na ndio maana naharakisha makaratasi.

Watu wakiuziana gari kila mtu huwa macho, lakini zawadi ikishaingia tunaona haya kudaiana kitambulisho, gari inaondoka na jina lako linabaki kwenye logibuku, ile hati ya usajili wa gari, miaka na miaka. Sheria ya trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haiangalii kama ulilipwa ama hukulipwa. Aliyesajiliwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na gari ikishabadilisha mwenyewe haifai kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kama mwenye mpya hajasajiliwa. Ikigonga mtu Voi huko, atakayetafutwa kwanza ni wewe.

Kwa hivyo ingia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na akaunti yako mwenyewe, anzisha uhamisho wa gari, naye akubali kwa akaunti yake, PIN za KRA (namba zenu za ushuru) muwe nazo karibu. Ada inafuata ukubwa wa injini, semezaneni mapema nani analipa. Na jamani usimpe mtu wa saiba neno lako la siri ati akusaidie haraka. Kama ulinunua kwa mkopo angalia kama jina la benki bado limo kwenye logibuku, manake hata ukishamaliza deni lazima benki iiachilie kwanza.

Halafu andikianeni barua fupi, namba ya gari, namba ya chasisi, kwamba ni zawadi, tarehe NA SAA ya kukabidhiana, sahihi na shahidi. Hiyo saa ni muhimu sana, kosa likifanyika saa nne na gari ulitoa saa nane, inajulikana ni la nani. Bima pia, achukue yake kabla gari haijasonga, hiyo stika yako si ya kumwachia "mpaka iishe".

Sasa usalama, hapa ndipo naomba mnisikize. Aliyepewa bure anaona vibaya kuuliza breki zikoje, basi sema wewe mwenyewe. Mimi nilimpeleka kijana kwa makanika tukaangalia pamoja. Tairi moja ya nyuma ilikuwa na meno mazuri tu, lakini ile namba ya mwisho kwenye DOT, yale maandishi ya ubavuni yanayoonyesha tairi ilitengenezwa lini, ilisoma 1414, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2014, na ubavuni nyufa ndogo ndogo zimejaa. Tukaitoa. Kama huna pesa ya kutengeneza mwambie wazi kila kitu kibovu, na kama ni breki ama usukani gari ivutwe mpaka gereji, isiendeshwe hata kidogo.

Mkimaliza ingia tena eCitizen uhakikishe gari imetoka kwako kweli, piga picha ya skrini, weka pamoja na ile barua, kisha mpe funguo zote mbili.