Kabla fundi hajamwaga zege: kwa mnaoanza kazi kambini

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kambi moja ya wakimbizi mkoani Kigoma nilikabidhi vyoo vinne vya watu wenye ulemavu. Rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, ilikuwepo, mlango mpana ulikuwepo, na mchoro wa kiti mwendo ulipakwa ukutani kwa rangi ya bluu. Tukapiga picha. Siku ya tatu mama mmoja Mrundi, anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu, akaniita nikaone. Alipanda hadi katikati, gurudumu la mbele likanyanyuka, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye tope. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, hiki choo mmewajengea wageni wenu."

Kosa lilikuwa langu. Sakafu tuliiinua sentimita 40 kwa kuogopa maji ya mvua, halafu fundi akaweka rampu ya mita moja na nusu kwa kuwa ndipo saruji ilipoishia. Kanuni ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele, kwa hiyo sentimita 40 zinataka mita 4 na sentimita 80. Hesabu hiyo iandikwe kwenye mchoro na kwenye bajeti kabla fundi hajaitwa, maana zege likishakauka sijaona mfadhili anayependa kulipia kubomoa. Na nendeni wenyewe na futi ya kupimia. Kwenye choo changu komeo lilikuwa usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, ndani hapakuwa na bomba la kushikilia, na njia ya kutoka kwenye nyumba zao ilikatwa na mtaro usio na daraja. Mama yule angetuambia yote hayo kwa dakika kumi, laiti tungemuuliza.

Mtaulizwa pia na wakubwa: watu wenye ulemavu wako wangapi? Msiende nyumba hadi nyumba mkibisha hodi na kuuliza, "Humu kuna mlemavu?" Mimi nilifanya hivyo nikarudi na majina machache, karibu yote ya watu wanaotambaa au wasioona kabisa. Watoto wenye ulemavu wa akili hawakutajwa. Mzee mmoja alinijibu, "Hapana, huu ni uzee tu," huku akinipapasa mkono kutafuta kalamu ya kutia sahihi.

Tumieni maswali sita mafupi ya Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Majibu ni manne, kuanzia "sina shida" hadi "siwezi kabisa". Anayejibu "shida kubwa" au "siwezi kabisa", hata kwenye swali moja tu, anahesabiwa. Neno ulemavu halimo, na lisiingizwe hata kwenye utangulizi. Makarani wangu waliliingiza kwa nia njema ya kufafanua, tukalazimika kurudia mtaa mzima. Maswali hayo si kipimo cha daktari, na watoto wadogo na wenye maradhi ya akili yanawapita kwa urahisi. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 17 yapo maswali mengine yaliyoandaliwa pamoja na UNICEF. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 16 ya watu duniani wana ulemavu. Orodha yenu ikitoa asilimia mbili, anzeni kuitilia shaka orodha yenyewe.

Kuhusu viziwi nitasema kidogo. Kuweka mkalimani mmoja kwenye kikao cha muda wa saa tatu ni kumtesa. Wawekeni wawili wapokezane kila baada ya dakika ishirini au thelathini. Halafu msidhani kila kiziwi anaijua Lugha ya Alama ya Tanzania. Aliyekulia Burundi huenda ana nyingine, na asiyewahi kusoma anaweza kuwa na ishara anazoelewana na mama yake tu. Hapo mama ndiye mkalimani, na nauli yake iwe kwenye bajeti.

Foleni ya mgao nayo iangalieni saa sita mchana. Mwenye ualbino akisimama juani kwa muda wa saa mbili, chakula chake amekilipia kwa ngozi. Kivuli cha turubai na kuitwa mapema hakuhitaji mradi mpya.

Mkiambiwa "hilo tutaliweka awamu ya pili", na mtaambiwa, jibu lipo. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 inazitaka nchi ziwalinde watu hawa wakati wa vita na majanga. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ila msiitoe ibara kama rungu. Mimi nilifanikiwa zaidi nilipompeleka mratibu wetu kwenye ile rampu nikamwomba asukume baiskeli.

Tangu hapo, mkinikuta kwenye kikao cha mradi, nang'ang'ania mambo mawili. Watu wenye ulemavu wanaokuja kukagua walipwe posho kama anavyolipwa mhandisi, na asiitwe mwenyekiti wao yuleyule kila mara; wawemo wanawake, wawemo wasioona, wawemo wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili. La pili, hati ya makabidhiano haisainiwi mpaka mmoja wao aingie, ajifungie mlango, na atoke bila kushikwa mkono.

Vile vyoo vinne tulivirudia baada ya miezi saba. Viwili vilirekebishwa na mama yule akavipitisha, baada ya kumrudisha fundi mara mbili kwa ajili ya komeo. Viwili vilivyobaki fedha haikutosha, na mpaka naondoka kambini vilikuwa stoo ya majembe.