Ruzuku ya mbolea: fedha zinapita wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mahindi na tumbaku wilayani Sikonge. Nilijiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, nikapewa namba ya mkulima, na tangu hapo nasubiri fedha za ruzuku ziingie kwenye simu. Hazijaingia. Mpwa wangu ananiambia kwamba Marekani serikali humlipa mkulima fedha taslimu. Je, nimedhulumiwa?
Mkulima, Sikonge, Tabora

JIBU: Hapana, mzee wetu, isipokuwa waliokuandikisha walipaswa kukueleza mapema kwamba ruzuku hii haiji kwa njia ya simu. Katika mpango uliozinduliwa Agosti 2022, bei ya mbolea ilipokuwa imepanda mno duniani kote, serikali humlipa mfanyabiashara wa mbolea ile sehemu ya bei ambayo wewe hukuilipa, na humlipa baada ya mauzo kuonekana kwenye mfumo wa kidijitali wa ruzuku. Msimu ule wa kwanza, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa umevuka shilingi 130,000 uliuzwa kwa shilingi 70,000. Tofauti hiyo ndiyo ruzuku yako, nawe huipata siku unapofika kwa wakala, ukataja namba yako, naye akasoma alama iliyo kwenye mfuko kabla ya kukukabidhi. Usiponunua, hakuna unachodai.

Mpwa wako naye hakukosea, ila anazungumzia jambo jingine. Mkulima wa Marekani hujisajili katika ofisi ya kilimo ya kaunti yake, na katika mojawapo ya mipango yao, bei ya mahindi au ngano ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa kisheria, hulipwa kwa kufuata eka za msingi, yaani eneo la mazao lililoandikwa tangu zamani kwa shamba lake. Malipo yenyewe husubiri hadi Oktoba ya mwaka unaofuata. Hiyo ni fidia ya bei ya mazao, wakati yetu ni punguzo la bei ya pembejeo.

Wapo wanaouliza kwa nini tusipewe fedha mkononi tukajinunulia wenyewe. Binafsi nasita, kwa sababu nakumbuka vocha za ruzuku zilizoanza msimu wa 2008/09: mkulima aliyekosa fedha ya kujazia sehemu ya bei isiyolipwa na vocha alitia sahihi vocha yake dukani, akaondoka na noti chache, na mbolea ikabaki kwenye rafu. Hata hivyo, mpango wa sasa nao una kasoro yake, na kwa mikoa yenye vijiji vilivyotawanyika kama Tabora si ndogo: mtu anayeishi mbali na wakala hulipa nauli ya kwenda, nauli ya kurudi na nauli ya mfuko, na sehemu ya punguzo huishia kwa mwenye bodaboda. Heri mkusanye fedha kikundi kizima mkodi gari moja, tena kabla ya mvua za Novemba, kwani DAP ni ya kupandia na haifai kuisubiri mahindi yakiwa yamefika magotini.

Kuhusu tumbaku, pembejeo unazochukua kwa mkopo kupitia chama cha msingi cha ushirika hukatwa kwenye malipo yako baada ya soko. Omba karatasi ya makato na usome bei iliyoandikwa kwa kila mfuko.

SWALI: Wakala wa huku kwetu anadai mbolea ya ruzuku imekwisha, lakini ukimwongezea fedha inapatikana. Nifanyeje?
Mama mkulima, Kasulu, Kigoma

JIBU: Usimwongezee, dada yetu. Bei elekezi hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, na wakala hana ruhusa ya kuizidisha. Muulize mtendaji au afisa ugani bei ya wilaya yenu, kisha urudi dukani na mtu wa pili na udai stakabadhi yenye bei halisi uliyotozwa. Akikataa kuiandika, peleka taarifa kwa afisa kilimo wa wilaya siku hiyo hiyo, ukitaja duka, aina ya mbolea na kiasi alichokudai, ili akaguliwe mifuko ikiwa bado ghalani.