Maharage ni ya kupika

Mwanangu Upendo,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Moshi tu wazima. Mvua imeshika, mlima hatujauona tangu Jumatatu, na baba yako anakohoa ila bado anabishana na redio, kwa hiyo usiwe na shaka naye.

Umeniomba nikutajie vitu vya kuchezea vya kumnunulia Tumaini, kwa kuwa ana miezi 9 na bado anaokota vitu kwa kuvikomba na kiganja kizima, ilhali mtoto wa mwenzako ofisini ameshaanza kutumia kidole gumba na cha shahada. Kwanza, hajachelewa. Mshiko huo wa vidole viwili huja kati ya miezi 9 na 12, kila mtoto na siku yake. Akitimiza mwaka bado anakomba tu, au ukiona mkono mmoja anautelekeza, mpeleke kliniki, usingoje maneno yangu.

La duka unajua nitakavyosema: vidole hufundwa na kazi za nyumbani. Bibi yako wa Kibosho alilea watoto 8 bila kununua kitu cha kuchezea hata kimoja, na baba yako mdogo akawa fundi cherehani.

Lakini nikiandika hivyo mkono unasita, maana nakumbuka kibaraza cha Pasua, 1992.

Ulikuwa na miezi 10. Nimekaa na ungo mapajani nachambua maharage, wewe uko kwenye kanga mbele yangu. Punje moja ikadondoka. Ukaikomba, ikakuponyoka. Ukaikomba tena. Halafu ukavikunja vidole vingine vyote, ukaibana kwa ncha za viwili, ukaiinua kwenye mwanga kama mnunuzi anayekagua tanzanaiti. Upendo, nilipiga kigelegele! Peke yangu, pale kibarazani. Na nilikuwa sijakimaliza ulipoitia mdomoni.

Ulikohoa mara moja, kisha sauti ikakatika. Bibi yako alitoka jikoni mbio, akakunyakua, akakulaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akakupiga kwa kiganja katikati ya mabega. Pigo la nne punje ikatoka. Ukalia, na mimi nikalia kuliko wewe.

Hakunigombeza. Alisema tu, “Wewe ulikuwa unaangalia vidole,” akarudi kwenye mtori wake.

Shangazi yako kila Desemba tukikutana Kibosho husimulia kwamba nilikuwa napiga soga na jirani kwenye ua. Si kweli, na sijawahi kumjibu mbele ya watu. Sikukupa kisogo hata kidogo. Nilikuwa nakutazama kuliko siku yoyote, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Wakati mwingine najiambia, basi, angalau ile punje ilikufunza. Kisha najikatalia. Kipande cha ndizi mbivu kingekufunza vilevile, tena kingepondeka mdomoni. Kwa hiyo anza na chakula: mkalishe wima, mwekee vipande laini vya ndizi au parachichi mezani, mwache avifukuze mwenyewe. Atachafuka, na wewe utachafuka. Mpe sufuria tupu na vijiko avitie na kuvitoa. Akiangusha kijiko mara 10, mwokotee mara 10, hakufanyii ukorofi. Kwa mtoto, kuachia kitu kwa kukusudia ni kugumu kuliko kukishika. Siku ya kufua, beseni lenye maji kidogo na kipande cha kitambaa akamue, nawe umekaa hapohapo, huendi hata kufungua mlango. Gazeti akilichana, muwahi kabla hajalitafuna.

Punje, karanga, shanga, vifungo, usimpe kabisa. Chukua kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha: chochote kinachopita ndani yake kiwe mbali naye mpaka avuke miaka 3.

Umeandika pia, kama kwa kupita tu, kwamba dada akiwa na kazi nyingi humwekea Tumaini katuni kwenye simu, naye hutulia. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Nyumba ni yako, na kazi ya Dodoma ndiyo inayowalisha, wala mimi sikuwa na bosi wa kunisubiri saa 2 asubuhi. Tena dada huyo nampenda, ana mikono mizuri. Kwa hiyo sisemi. Lakini vidole hufundwa na kazi, na kwenye kioo cha simu hakuna cha kubana wala cha kuachia. Nimesema sisemi, basi. Mwambie tu dada akichambua mboga amkalishe karibu, ampe jani kubwa la kabichi alichanechane, na amtazame mdomo.

Nimempa kondakta wa basi la kesho furushi lako. Ndani kuna kopo la maziwa lenye vipande vya kanga yangu ya zamani, nimevifunga kimoja kwa kingine. Tumaini akivuta ncha vitatoka vyote kama utepe. Kingo za kopo nimezigonga kwa nyundo, hazikati. Na maharage kilo 3 nimeyatia mfuko wake peke yake, nimeushona mdomo kwa sindano. Hayo ni ya kupika.

Mama yako