Ukiandaa usiku wa darubini, mfikirie kwanza asiyeona

Wengi wanaoanza kuandaa usiku wa watu kutazama anga kwa darubini hupanga kila kitu, kisha wiki ya mwisho ndipo wanauliza wenye ulemavu watafanyiwa nini. Swali likichelewa hivyo, mtu huishia kuwekwa pembeni na kusimuliwa. Waulize mapema, tena wao wenyewe.

Asiyeona hahitaji huruma yako. Mawimbi ya redio yanayotoka kwenye nyota hakuna jicho linaloyaona, na bado yanachunguzwa. Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico alipoteza uwezo wa kuona akiwa mwanafunzi, akaendelea na utafiti wa anga kwa kuzigeuza data kuwa sauti.

Kwa hiyo mpe kitu mkononi. Mpira wa miguu uwe Dunia, limau liwe Mwezi. Mwambie auweke Mwezi umbali anaodhani ni sahihi. Karibu kila mtu, anayeona na asiyeona, huuweka karibu mno. Hapo nyoosha kamba ya mita 6 na nusu, ambao ndio umbali sahihi kwa kipimo hicho, waifuate wote hadi mwisho, mwenye kiti mwendo pia.

Ukitengeneza ramani ya Mwezi ya kupapasa, usiijaze. Jicho hupokea picha nzima mara moja, lakini vidole husoma kipande kwa kipande. Kreta chache, yaani mashimo ya Mwezi, zilizoinuliwa vizuri, zenye maandishi mafupi ya nukta nundu, zinafundisha zaidi. Usimvute mtu mkono. Mweleze kitu kilipo, na akitaka msaada ataweka mkono wake juu ya wako. Foleni isubiri.

Kama mko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, nendeni kwenye kimondo cha Mbozi, Songwe. Ni bonge la chuma lenye urefu wa karibu mita 3, lililotoka angani. Hapo mtu anagusa kitu chenyewe, na mimi sijui somo linalolizidi hilo.

Kwa viziwi, adui ni giza. Mmulike mkalimani wa lugha ya alama kwa tochi iliyofunikwa nailoni nyekundu, maana mwanga mwekundu hausumbui sana macho yaliyozoea giza. Maelezo yatolewe kabla mtu hajainama: hawezi kutazama sayari ya Mshtarii na mikono ya mkalimani kwa pamoja.

Mwenye kiti mwendo atafutiwe uwanja mgumu, na darubini iunganishwe na kishikwambi ili asilazimike kulifikia tundu la kuangalilia.

Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kabisa kuanzia kusini mwa Hispania, kupitia Misri, hadi Somalia. Tanzania tutaona likimegwa sehemu tu, na mwanga hautapungua sana, kwa hiyo vifaa vinavyogeuza mwanga kuwa sauti havitasema mengi. Andaeni vibao vya kupapasa: Jua zima, Jua lililoanza kumegwa, Jua lililomegwa zaidi, kila kimoja kikabidhiwe wakati wake tukio likiendelea. Na shule za wasioona zialikwe miezi kadhaa kabla, ili walimu wavijaribu vibao hivyo na wanafunzi wao.