Diski za SCSI hazionekani kwenye SPARCstation 20: pima umeme wa tamineta kabla ya kununua bodi

Mkuu, nimekuelewa hivi: SPARCstation 20 yako (kompyuta ya zamani ya kampuni ya Sun) ina diski moja ndani kwenye njia ya SCSI, yaani njia moja inayounganisha diski kadhaa na mashine; umeunganisha kasha la nje lenye diski mbili za zamani, na sasa `probe-scsi`, amri ya kuorodhesha vifaa vilivyo kwenye njia hiyo, haionyeshi hata ile ya ndani uliyokuwa ukiwasha nayo mashine. Umeamua kontrola (saketi ya bodi inayoendesha njia ya SCSI) imekufa na unatafuta bodi nyingine. Nakuomba usinunue chochote bado. Mashine yangu ya aina hiyohiyo iliwahi kunifanyia hivyo kwa majuma kadhaa, na bodi ilikuwa nzima.

Kwanza hakikisha unauliza swali kwa njia sahihi. Ukibonyeza vitufe vya Stop-A wakati Solaris (mfumo endeshi wa Sun) imeshaanza kupanda, kisha ukaandika `probe-scsi` palepale, mashine inaweza kuganda, nawe ukadhani njia ya SCSI imekufa. Andika `setenv auto-boot? false`, halafu `reset` (kwenye mashine za Sun Ultra za baadaye ni `reset-all`), subiri alama ya `ok` irudi, ndipo uandike `probe-scsi`. Fanya mara mbili: kasha likiwa limeunganishwa, na likiwa limetolewa kabisa pamoja na kebo yake. Kebo usiiache ikining'inia bila kitu mwishoni. Na kila unapochomeka au kuchomoa, zima umeme wa mashine na wa kasha pia. Utaona mbele kwa nini nasisitiza.

Diski ya ndani ikirudi pale kasha linapotolewa, kontrola yako inafanya kazi. Tatizo liko kwenye njia yenyewe, na hapo ndipo nilipopotezea muda mwingi.

Kwenye SCSI ya aina hii, mstari ukiwa umepumzika unakaa na volti za juu, na kifaa kinaposema kitu kinauvuta chini. Kazi ya kuurudisha juu ni ya tamineta, kifaa kidogo kinachofunga ncha ya njia, na ndiyo maana zinatakiwa mbili, moja kila ncha ya njia, bila ya tatu katikati. Watu wengi wanaijua hiyo kanuni ya ncha mbili. Kinachosahaulika ni kwamba tamineta inahitaji umeme wake, na umeme huo unapita ndani ya kebo hiyohiyo. Usipofika, tamineta ya kawaida yenye vizuizi vya omu 220 na 330 haikai kimya: inavuta mistari kuelekea ardhini. Kwa hiyo tamineta unayoiona imechomekwa vizuri nyuma ya kasha, na umeiamini, inaweza kuwa ndiyo inayoziba midomo ya diski zote, ya ndani ikiwemo.

Kwangu ilikuwa hivyo. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha diski, nikajaribu tamineta tatu. Siku nilipochukua multimita na kupima pini ya 26 ya kebo bapa ndani ya kasha (kebo ya pini 50), nilikuta karibu sifuri. Panatakiwa kuwa na volti 4.25 hadi 5.25. Fyuzi ya umeme wa tamineta kwenye bodi ilikuwa imeungua, bila shaka siku niliyochomeka kebo mashine ikiwa inawaka. Diski nyingi zina jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) inayoziruhusu kutoa umeme huo zenyewe, lakini zangu hazikuwa zimefungwa jampa hiyo. Nilibadilisha fyuzi kwa nyingine ya kiwango kilekile, nikawasha, na diski zote tatu zikajitokeza. Baadhi ya mashine za baadaye zina fyuzi zinazojirudi zenyewe zikipoa. Hizo zipe dakika chache kabla ya kuzihukumu.

Kama umeme upo, angalia namba za diski, maana kila kifaa kwenye njia lazima kiwe na namba yake peke yake. Kontrola ya Sun ni 7. Tundu za ndani za SPARCstation 20 ni 3 na 1, na namba hizo zinatoka kwenye tundu, hivyo diski ya pini 80 unayoitia humo iondolee jampa zake za namba. Diski za kasha zipe 0 na 2, mbali na 6 ambayo ni ya CD-ROM. Diski moja ikionekana kwenye kila namba, ujue imegongana na kontrola. Jambo jingine linalowaponza wengi: njia ya mashine hii ni ya biti 8, kwa hiyo diski ya pini 68 iliyounganishwa kwa adapta na kupewa namba 8 au zaidi haitaonekana kamwe, hata kama ni mpya kabisa. (Waliozoea mashine za kampuni ya SGI wajihadhari: huko kontrola ni 0, na diski ya mfumo kwa kawaida ni 1.)

Tega sikio pia. Diski isiyozunguka huenda imefungwa jampa ya kusubiri amri ndipo ianze. Urefu wa kebo nao una kikomo: mita 3 kwa jumla kwa mwendo huu, ukihesabu na zile za ndani ya kasha.

Sasa, ikiwa `probe-scsi` inaonyesha diski zote ila Solaris haizioni, hilo ni tatizo jingine kabisa, usirudi kuhangaika na tamineta. Washa kwa `boot -r` ili mfumo utengeneze upya majina ya vifaa, kisha fungua `format`. Ikikuuliza kama uipe diski lebo (jedwali la mgawanyo wa diski), ni dalili nzuri. Diski inasomeka, haina lebo ya Sun tu. Lakini usikubali kama humo mna data unayoitaka. Diski iliyotoka kwenye hifadhi kubwa za maseva inaweza kuwa na sekta za baiti 520 badala ya 512. Hiyo itajitaja jina lake vizuri kwenye `probe-scsi`, kisha mfumo uikatae. Inahitaji kuformatiwa upya kutoka chini, kwa mfano kwa `sg_format` kwenye mashine ya Linux yenye kontrola ya SCSI, na itachukua saa kadhaa. Usizime katikati.

Anza na vipimo viwili vya `probe-scsi` na volti ya pini ya 26, kisha uviweke hapa kama vilivyo, pamoja na namba ulizozipa diski za kasha. Nikiviona nitakwambia pa kushika.